Kura ya Karafuu na Iliki

"Bata wako amekunya ndani ya beseni langu la mchele, na bado waniambia nitulie?"

Bimkubwa alisimama kwenye ngazi za ghorofa ya sita, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, beseni kalikumbatia ubavuni kama mtu anayepeleka ushahidi kwa hakimu. Vidato vichache juu yake alikuwa Njuguna, mnunuzi wa viatu kutoka Nairobi, na bata mweupe kwapani. Kati ya viumbe hao watatu, bata ndiye pekee aliyekuwa kimya.

"Mama, huyu hajafanya kitu," Njuguna alisema. "Aliyekunya ni wa Rotich. Wangu ana adabu zake."

"Wa Rotich, wa Njuguna, mie nimewazaa mpaka niwajue kwa majina? Mmegeuza nyumba ya watu kuwa banda la kamari. Siku polisi wakipanda hapa watauliza nani kaweka dau na nani kaosha mchele? Watatuzoa wote na pasi zetu."

Ahmada alikuwa nyuma yake, kisu cha kuchinjia mkononi. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama inavyompasa mtu wa dini, na akasema kwa sauti ya chini kwamba Bimkubwa ana haki. Huku akisema hivyo, macho yake yalikuwa kwa yule bata mweupe, kwenye doa jeusi lililokuwa juu ya jicho lake. Alikuwa akitazama kama bata huyo anachechemea.

Jengo lenyewe lilikuwa nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, mwendo mfupi kwa miguu kutoka jengo la biashara la Tianxiu Dasha, na ghorofa ile yote walikuwa wameipanga Waswahili, watu wa Unguja, Dar, Mombasa, Nairobi na Kisumu, wengi wao waliohamia Guangzhou baada ya pesa ya Bangkok kuporomoka na biashara ya kule kulala. Walikuwa kumi na mmoja. Mchana kila mtu alihangaika kivyake, huyu soko la Zhanxi kwenye viatu, yule kwenye vyombo vya plastiki, mwingine kumkimbiza wakala wa mizigo. Lakini chakula kilikuwa kimoja, kwa Bimkubwa, mjane wa Unguja aliyekuja kununua vitambaa akaishia kulisha watu. Sinia lilikuwa lake, na yaliyozungumzwa juu ya sinia hilo ndiyo yaliyokuwa sheria ya nyumba: nani anatoa taka, nani asioge asubuhi kwa saa nzima, mume wa nani anapiga simu kwa nani.

Mbio zilianza kwa mchezo tu. Mzee Liang, mlinzi wa mlango wa chini, alikuwa na kijitelevisheni kinachonasa stesheni za Hong Kong, na siku za mbio za farasi hakuna aliyeweza kumpata hata kwa kumwita mara saba. Njuguna alikaa naye akatazama, akapanda juu na wazo. Jumapili iliyofuata maboksi ya viatu yalipangwa juu ya paa la zege yakafanya vichochoro, mwisho wa kila kichochoro likawekwa kabichi, na bata watatu wa sokoni wakaachiwa. Rotich akatangazwa kocha, maana watu wa kwao, wale wakimbiaji wa Kenya, walimwambia, hata bata wakiwagusa tu wanajua kukimbia. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Bata aliyefika mwisho alikuwa ni wa chungu. Na kwa kuwa chungu kilikuwa kimoja na Waislamu walikula humo, Njuguna na wenzake hawakuwa na neno: bata alipelekwa kwa Ahmada, akaelekezwa kibla, akasomewa, akachinjwa. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu mwanzo. Ahmada hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani cha mtaani kwao Malindi, Unguja, lakini ndevu zake zilikuwa nzuri na sauti yake ya kusomea ilikuwa nzuri zaidi, basi akawa Shehe. Yeye ndiye aliyeswalisha. Yeye ndiye aliyepewa nafasi ya kuanza kunyoosha mkono kwenye sinia. Jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kuonyesha.

Kilichomponza ni kufika mapema. Jumapili moja alipanda paani kumchukua bata wa kuchinja, akakuta mbio hazijakwisha. Akasimama kando, mikono nyuma. Moyoni akasema, huyu mwenye doa atashinda. Akashinda. Ahmada alihisi kitu kikimpanda kifuani kama kicheko cha utotoni, kitu ambacho hakikuwahi kumtembelea tangu atoke nyumbani. Wiki iliyofuata alisema tena moyoni, na doa akashinda tena. Wiki ya tatu dau lilikuwa limekwishaanza kuwekwa kwenye kofia ya Rotich, na Ahmada akamwita Dullah chemba.

Dullah alikuwa kijana wa Magomeni, mwepesi wa mguu na wa maneno, wakala wa watu wa Dar wasioweza kusafiri wenyewe. Alikuwa akimheshimu Ahmada kama baba. Ahmada alimpa kitu mkononi, akamwambia akiweke kwa mwenye doa, na asiseme ni cha nani. Dullah alimtazama kidogo, akasema, "Sawa, Shehe." Na ikawa hivyo kila Jumapili. Watu wakaona Dullah anapanda ngazi mbio na noti mkononi, wakasema kijana huyu kamari imemla. Yeye akacheka tu.

Baada ya ugomvi wa beseni, ikaamuliwa ipigwe kura: mbio za kuwekeana dau ziruhusiwe katika nyumba, au zipigwe marufuku. Upande wa Njuguna ulikuwa na watu watano, na ulijulikana. Upande wa Bimkubwa ulikuwa na sita, nao ulijulikana, ukimhesabu Adhiambo wa Kisumu, mlokole, aliyeona bata wale ni shetani mwenye manyoya. Dullah, mmoja wa hao sita, alisimama mbele ya watu akasema atapiga kura ya kukataza, maana amechoka. Hakusema amechoka na nini. Ahmada alijua.

Tatizo lilikuwa namna ya kupiga. Karatasi haikufaa. Watu hawa kila wiki waliandikiana majina kwa kalamu nene juu ya marobota ya mizigo, na hakuna aliyeshindwa kuujua mwandiko wa mwenzake hata kwa alama ya mstari mmoja. Basi Bimkubwa akatoa karafuu na iliki alizokuja nazo kutoka kwao. Kila mtu akapewa karafuu moja na iliki moja. Uingie jikoni peke yako. Ukitaka mbio ziruhusiwe, utie karafuu ndani ya birika. Ukitaka zikatazwe, utie iliki. Kinachokubakia mkononi ni chako, ukitie kwenye chai yako ukipenda.

"Kwa nini nyinyi ndio mpate iliki?" Njuguna aliuliza. "Iliki ni ghali. Mmeshaanza kampeni."

"Kwa sababu ni zangu," Bimkubwa alisema.

Kabla ya kuingia, Ahmada aliombwa aseme mawili matatu. Akasema kumi. Alizungumza juu ya kamari jinsi inavyomwingia mtu taratibu, inavyompa furaha ya kitoto halafu ikamnyang'anya uso wake, akazungumza vizuri mpaka Adhiambo akaitikia amina kwa sauti na Murshid wa Mombasa akafuta macho. Alizungumza vizuri kwa sababu alikuwa akilijua jambo lenyewe. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote.

Jikoni, akiwa peke yake na birika, alisimama muda. Kutoka paani alimsikia bata akilia. Akafikiri: sisi ni sita, wao watano. Tukibaki sita mbio zinakufa na Jumapili inarudi kuwa ya kufua nguo. Kisha akafikiri: huenda mmoja wa wale watano amebadilika, basi kura yangu haitadhuru. Akafikiri pia kwamba hakuna atakayejua. Mawazo hayo matatu hayakupatana hata kidogo, lakini mkono haukuyasubiri yapatane. Karafuu ikagonga chini ya birika, kelele ndogo kama ya punje ya mtama.

Bimkubwa alimimina birika juu ya sinia mbele ya watu wote. Adhiambo akahesabu, akahesabu tena kwa kidole. Karafuu sita. Iliki tano.

Njuguna alirusha mkono juu kushangilia, akaona sura ya Bimkubwa, akaushusha. Halafu, bila kuambizana, macho yakaanza kuhamia upande mmoja, upande alikokaa Dullah.

Dullah akafungua kinywa kujitetea. Ahmada alikuwa ameketi pembeni yake, bega kwa bega, na kwa fadhaa alikuwa akifanya alichofanya kila baada ya chakula tangu ujana wake, kama wafanyavyo wengi wa kwao: alikuwa akitafuna iliki. Aliikuta mfukoni, vidole vikaipeleka mdomoni vyenyewe. Harufu ikatoka. Dullah akageuka polepole, akautazama ule utaya unavyokwenda. Ahmada akaacha kutafuna, lakini iliki ikisha kupasuka hairudi. Wakatazamana. Ahmada alimwona kijana akihesabu, na akamwona amemaliza.

Dullah akafunga kinywa. Karafuu yake mwenyewe akaisukuma chini kabisa ya mfuko.

"Umesimama mbele yetu ukasema hapana, ukaingia jikoni kwangu ukasema ndiyo," Bimkubwa alimwambia. "Ungesema ndiyo tangu mwanzo, kama Njuguna, ningekugombeza na ningekulisha. Sasa katafute pa kula."

Ahmada alikuwa na nafasi ya kusema hapo hapo. Alimeza mate yenye iliki.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila mchana Ahmada aliketi mahali pake, akasema bismillahi, wenzake wakafuata. Mahali pa Dullah watu walipanua magoti kidogo na pengo likazibika, ila yeye Ahmada hakuacha kuliona. Chakula kilizungukwa na umbeya, kama kawaida: kwamba Dullah huenda ana deni Dar, kwamba alionekana na Mchina wa ajabu, kwamba hata swala siku hizi anaiswali mbio mbio. Wakamgeukia Shehe atoe hukumu. Shehe akasema tumwombee. Murshid akasema mtu huyu ana moyo wa dhahabu, na Ahmada akatamani sakafu ifunguke.

Kilichomzidi nguvu ni heshima ya kijana mwenyewe. Wakikutana kwenye ngazi alikuwa akisimama kando na kusema, "Shikamoo, Shehe," vile vile, bila kejeli, bila hata kukaza jicho. Ahmada akijibu marahaba huku akiangalia ukuta. Siku moja alificha sahani ya wali chini ya kanzu akampelekea chumbani. Dullah akaitazama.

"Bimkubwa amenipa?"

"Nimekuletea mimi."

"Basi siwezi. Chakula chake sikili kwa kuiba, Shehe."

Ahmada akarudi na sahani ile ngazi kwa ngazi, ikipoa.

Jumapili mbio zilifanyika kwa ruhusa, hadharani, na Ahmada hakupanda. Dullah naye hakupanda. Mwenye doa alishika mkia. Njuguna alimleta mlangoni, ameshikwa miguu, na Ahmada akamwelekeza kibla na kumsomea kwa sauti yake nzuri. Kisha akakawia na kisu mpaka Njuguna akamuuliza kama anaumwa.

Ijumaa Ahmada alirudi kutoka msikitini, jua kali, watu wa mikokoteni wakigombea njia mtaani. Pale mlangoni alimkuta Dullah ameketi kwenye kiti kidogo kando ya Mzee Liang, anakula tambi za kikombe, zile za kumiminia maji moto, maji yenyewe ya chupa ya Mzee Liang. Alionekana amekonda. Televisheni ilikuwa inaonyesha farasi.

"Karibu, Shehe," Dullah alisema, kama anayekula anavyopaswa kumwambia anayepita.

Kikombe kilikuwa chekundu. Juu yake palikuwa na picha ya bakuli na vipande vya nyama. Ahmada akakitazama. Neno la kwanza alilojifunza kila Mwislamu katika mji ule, kabla ya bei na kabla ya asante, lilikuwa la nyama.

"Niurou?" akamuuliza mzee. Ng'ombe?

Mzee Liang akakikagua kikombe, akacheka, akatikisa kichwa. "Zhurou," alisema, na ili wageni wake wasikose kuelewa akaisukuma pua yake juu kwa kidole, akakoroma kama nguruwe.

Uma wa plastiki ulibaki hewani. Dullah aliutua taratibu ndani ya kikombe, akainuka, akaenda kwenye mfereji wa maji wa nje, wakamsikia anasukutua, anatema, anasukutua tena. Mzee Liang akaacha kucheka. Aliporudi, macho ya kijana yalikuwa mekundu.

"Waliniambia nyekundu ni ng'ombe. Nimenunua katoni nzima," alisema. "Ndiyo nimekuwa nakula, mchana na jioni."

"Usile tena hiyo," Ahmada alisema, na maneno yalipotoka akayasikia yalivyo mepesi.

"Sawa. Nile nini, Shehe?"

Hakuwa akimsuta. Alikuwa akiuliza. Ndiyo swali alilozoea kumuuliza siku zote, hiki kinafaa, kile hakifai, na Ahmada ndiye aliyekuwa akijua.

Ahmada alipanda ngazi zote bila kupumzika, mkono ukiburura ukutani. Kwa Bimkubwa pilau ya Ijumaa ilikuwa imeshapakuliwa, wameketi kulizunguka sinia, mikono imeoshwa, wanamsubiri yeye aanze. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya mtaani, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Karafuu ya sita ni yangu," alisema.

Walimtazama. Kisha Bimkubwa akatabasamu, tabasamu la huruma. "Shehe, na wewe umezidi wema. Mtu kafanya lake, muache alibebe. Njoo ukae."

"Kweli kabisa," Murshid alisema. "Angalia mtu anavyotaka kumfichia mwenziwe."

Ahmada hakuwahi kudhani kwamba hata fedheha yake ingegeuzwa kuwa sifa. Ilimbidi aivue moja moja mbele yao, kama mtu anayepekuliwa mpakani. Akawaambia habari ya iliki aliyoitafuna wakati wao wanamtazama Dullah. Akawaambia kwamba zile noti za kila Jumapili zilikuwa zake, kijana alikuwa mkono tu. Akawaambia alikuwa akimpenda bata mwenye doa, na hilo alilitamka mbele ya wanawake, na ndevu zake zile.

Njuguna alikuwa akipita ukumbini na kabichi mbili. Akasimama.

"Kwa hivyo 'mtu wangu' ni wewe, buda? Kila mara Dullah anasema, hii ni ya mtu wangu, weka kwa doa. Na mimi nikadhani ni msichana."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo walipoamini. Ahmada aliona imani ile ikiwaingia usoni, mmoja baada ya mwingine, na akaona kitu kingine kikitoka. Adhiambo aliangalia mikono yake. Bimkubwa alikuwa bado kashika upawa. Aliuweka chini.

"Nimemnyima mtoto wa watu chakula," alisema. "Wiki nzima. Na wewe unakula hapa."

"Ndiyo."

"Na unatuombea."

"Ndiyo, Bimkubwa. Na chini pale kuna jingine. Amekula nguruwe bila kujua, kwa kukosa hiki."

Bimkubwa alifunga macho. Halafu akainuka, akajitanda kanga, akampita Ahmada mlangoni bila kumgusa hata kwa pindo. Makobadhi yake yakasikika yakishuka ghorofa zote sita, yeye ambaye kwa magoti yale hakuwa akishuka ila kwa safari. Hakumtuma mtu.

Ahmada alikwenda chumbani kwake, akarudi na kisu cha kuchinjia kimefungwa katika kitambaa, akakiweka juu ya kabati la ukumbini. Akamwambia Murshid kuanzia leo achinje yeye. Murshid hakujua atazame wapi. Ahmada akatoka, akaketi kwenye ngazi, uso ukutani.

Bimkubwa alichukua muda kupanda na Dullah, maana alipumzika kila ghorofa. Ahmada hakuyasikia waliyozungumza, ila alisikia kwamba Bimkubwa ndiye aliyekuwa akizungumza na kijana alikuwa akisema, "Basi, mama, basi." Wakampita pale alipoketi. Makobadhi ya Bimkubwa, kisha ndala za Dullah. Mlango haukufungwa. Alisikia maji yakimiminwa juu ya mikono, magoti yakisogea, sinia likivutwa. Alisikia Bimkubwa akimwambia Dullah aanze yeye leo. Kisha hakusikia mkono ukigusa sinia, pilau inapoa, na akajua jicho la kila mtu liko kwa Dullah, na la Dullah liko mlangoni.

Ndala zikarudi mlangoni. Dullah alisimama juu yake, mikono imelowa, anaikung'uta asimrushie maji.

"Shehe," alisema, "wao wananisubiri mimi, na mimi siwezi kuanza mbele yako. Inuka uingie ule."

Ahmada hakuinua uso. Alisema hastahili, au alidhani amesema. Kutoka ndani, juu ya sinia, sauti ya Bimkubwa ikaja, kavu, haina asali hata tone.

"Mwambie avue viatu."